TUSI HALIJIBU HOJA

Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma hulia Bujora. Bujora iko karibu na Kisesa, wilaya ya Magu, katika mkoa wa Mwanza. Ni safari fupi kutoka Mwanza mjini, ukifuata barabara ya Musoma. Hapo pana kanisa, na pana makumbusho ya Wasukuma. Kazi ya kukusanya vitu vya makumbusho hayo ilianza katika miaka ya 1950. Aliyeiongoza ni Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma hukutana hapo kushindana. Wapo Bagalu, na wapo Bagika. Vyama hivi viwili vya ngoma ni vya zamani sana. Vilianza katika karne ya 19. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma yake. Watazamaji huchagua wenyewe wasimame wapi. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda.

Katika nyimbo za mashindano hayo mna majigambo, na mna vijembe. Mtunzi humcheka mpinzani wake. Mpinzani naye humjibu. Watu hucheka, na vumbi hutimka. Jioni ikifika, kila mtu hurudi kwake. Aliyechekwa jana hukutana na aliyemcheka sokoni, nao husalimiana. Huo ni mchezo, na kila mtu anajua kuwa ni mchezo.

Lakini, ndugu msomaji, mkutano wa kijiji si ngoma. Katika ngoma hatuamui mahali pa kuchimba kisima. Hatuamui fedha za zahanati zitumike vipi. Mambo hayo huamuliwa mkutanoni. Na mkutanoni anayetakiwa kushinda si yule aliyechekesha watu wengi. Anayetakiwa kushinda ni mwenye sababu nzuri.

HOJA NI NINI?

Hoja ni neno lenye sababu. Mtu akisema, "Tusijenge hapa," hilo ni neno tu. Akisema, "Tusijenge hapa, kwa sababu mvua za masika hufurika hapa kila mwaka," hiyo ni hoja. Unaweza kwenda kutazama kama ni kweli. Unaweza kumjibu kwa sababu nyingine.

Tusi halina sababu. Tusi halisemi lolote juu ya mvua wala juu ya jengo. Linamsema mtu. Linataka watu wamtazame yeye na wasahau alilolisema.

Tuchukue mfano. Kijiji kina mkutano juu ya kisima. Viongozi wanataka kisima kichimbwe karibu na mnada. Mama mmoja anasimama. Anasema:

"Ndugu mwenyekiti, tulichimba pale karibu na mnada mwaka juzi. Maji yalitoka ya chumvi, na mwezi wa Septemba yakakauka. Kule bondeni maji hayakauki mwaka mzima. Sisi ndio tunaochota, na sisi tunajua."

Kabla mwenyekiti hajasema lolote, sauti inatoka nyuma:

"Kaa chini wewe! Nyumba yako imekushinda, mumeo amekuacha. Kijiji utakiweza?"

Watu wanacheka sana. Mama yule anakaa chini na kujifunika kanga yake. Mkutano unaendelea. Kisima kinachimbwa karibu na mnada. Maji yanatoka ya chumvi, na mwezi wa Septemba yanakauka.

Sasa tujiulize. Nani aliyeshindwa siku ile? Mama yule aliaibika kwa dakika chache. Lakini kijiji kizima kimepoteza fedha, na akina mama wote wataendelea kwenda mbali na ndoo kichwani. Hata mke wa yule aliyetukana atakwenda. Tena angalieni: hakuna aliyemjibu mama yule juu ya chumvi. Hakuna aliyemjibu juu ya Septemba. Hoja yake ilibaki pale pale, haikuguswa. Kilichoguswa ni ndoa yake, na ndoa yake haina uhusiano wowote na maji.

MATUSI HAYA YANA AINA ZAKE

Wazee walisema: akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini mwanamke anayesema mbele za watu, matusi yake kama yamechaguliwa tayari.

Aina ya kwanza ni tusi la ndoa na uzazi. Mwanamke ambaye hajaolewa huambiwa mhuni. Aliyeolewa huambiwa akaombe ruhusa kwa mumewe. Aliyeachika huambiwa ameshindwa na nyumba. Asiye na mtoto huambiwa tasa. Mwenye watoto huambiwa aende akawalee. Akisema kwa upole, ni dhaifu. Akipaza sauti, ni jike dume. Basi mwanamke huyu afanye nini? Kila mlango umefungwa. Hii inaonyesha kuwa tusi halitokani na jambo alilolifanya. Linatokana na kwamba amesimama.

Aina ya pili ni kusema kuwa amepata cheo kwa mwili wake. Mwanamume akipata uongozi, watu huuliza amesoma wapi na amefanya kazi gani. Mwanamke akipata uongozi, wengine huuliza ni nani aliyempa.

Aina ya tatu ni neno "mchawi". Hapa kwetu Usukumani neno hili si la mzaha. Wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya neno hili. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, baada ya miaka mingi ya kupika. Mjane akidai shamba lake, na mtu akamjibu kwa neno hilo, mjadala wa shamba umekwisha. Sasa mjane anafikiria roho yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inasema kuwa ni kosa kumsingizia mtu uchawi. Lakini sheria haiwezi kumrudisha aliyekwisha kufa.

Aina ya nne huwapata wanaume. Mwanamume akikubali hoja ya mwanamke, huambiwa amelishwa limbwata. Akikataa kupigana, huambiwa, "Mwanamke wewe!" Hapa neno "mwanamke" lenyewe limefanywa kuwa tusi. Mama aliyetuzaa ni mwanamke. Je, inafaa jina lake liwe tusi?

MWAKA 1955: WALIOITWA WAHUNI

Mambo haya hayakuanza leo. Chama cha TANU kilianzishwa Julai 7, 1954. Katika mwaka wa 1955 kilitembelewa na John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza. Mgeni huyo aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Viongozi wakaona kuwa swali lake ni la haki. Wakamtafuta Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Lakini alikuwa mwimbaji anayejulikana katika ngoma ya lelemama. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza habari za uhuru. Katika muda wa miezi michache, wanawake wapatao 5,000 waliingia TANU.

Je, wapinzani wao waliwajibu kwa hoja? Wengine walisema kuwa wanawake wanaokwenda kwenye mikutano ya TANU ni wahuni. Waume wengine waliwakataza wake zao. Wapo wanawake walioficha kadi zao za chama. Wanawake wa namna hiyo walikuwapo Dar es Salaam, na walikuwapo hata hapa Mwanza. Na hapa kazi ilikuwa ngumu zaidi. Serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 mpaka 1958.

Hoja ya wanawake wale ilikuwa moja: nchi hii ni yetu, na tujitawale. Waliowatukana hawakuijibu hoja hiyo. Desemba 9, 1961, hoja hiyo ilishinda.

NAIROBI 1989: MITI NA TALAKA

Majirani zetu wa Kenya nao wana kisa cha kutufundisha. Katikati ya jiji la Nairobi pana bustani kubwa iitwayo Uhuru. Watu huenda kupumzika hapo bila kulipa. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga ghorofa 60 katika bustani hiyo. Fedha nyingi za ujenzi zingekuwa za mkopo.

Profesa Wangari Maathai aliupinga mpango huo. Yeye alikuwa msomi wa elimu ya viumbe. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, chama cha kupanda miti ambacho wanachama wake wengi ni wanawake wa vijijini. Hoja zake zilikuwa wazi. Alisema kuwa jiji linahitaji mahali pa wazi. Alisema kuwa nchi yenye wananchi maskini haifai kukopa fedha nyingi kwa jengo la fahari.

Wabunge wangeweza kumjibu. Wangeweza kusema jengo litaleta faida gani, na mkopo utalipwa vipi. Badala yake wapo waliosimama bungeni wakakiita chama chake kikundi cha wanawake walioachika. Ni kweli kwamba Profesa Maathai alikuwa ameachana na mumewe. Lakini talaka ya mtu na ghorofa 60 vinahusiana nini? Rais wa Kenya wa wakati huo, Daniel arap Moi, naye alisema kuwa kwa mila za Kiafrika mwanamke huwaheshimu wanaume na hunyamaza.

Profesa Maathai hakunyamaza. Aliwataka wabunge wajadili kilicho juu ya shingo, yaani akili, na waache habari za maumbile ya mwanamke. Hatimaye waliotaka kutoa fedha walirudi nyuma, na ghorofa halikujengwa. Mwaka 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011. Watu wa Nairobi hawakuipoteza bustani yao kwa ghorofa lile.

HATA BUNGENI KWETU

Tusiwacheke majirani. Mwezi wa Mei 2016 Bunge letu lilikuwa Dodoma kujadili bajeti. Mbunge mmoja mwanamume alitoa maneno ya kuwadhalilisha wabunge wanawake wa upinzani. Aliyasema juu ya jinsi wanavyopata viti maalum. Wabunge hao walitoka nje ya ukumbi.

Tufikiri kidogo. Bajeti ni fedha za wananchi. Ni fedha za dawa, barabara na madawati. Wabunge wale walitumwa na wananchi kuzisemea fedha hizo. Walipotoka nje, sauti zao zilitoka nazo. Watu wakazungumza juu ya tusi, hawakuzungumza juu ya dawa. Hivyo ndivyo tusi lifanyavyo kazi. Humfukuza mtu, na pia huifukuza habari yenyewe.

Tena haidhuru mtukanaji ni wa chama gani. Nchi yetu ina vyama vingi tangu mwaka 1992. Tusi linaweza kutoka chama kinachotawala, na linaweza kutoka chama cha upinzani. Likitoka kwetu sisi, huwa tunaliita utani. Likitoka kwa wenzetu, tunaliita tusi. Huo si uadilifu. Kipimo kiwe kimoja.

SI MILA ZETU

Wengine hujitetea kwa mila. Husema mtetea hawiki. Ni kweli, mtetea hawiki. Lakini mwewe akitokea, mtetea ndiye anayepiga kelele kwanza, na vifaranga hupona. Anayesikia kelele hiyo hamuulizi kwa nini hakuwa jogoo. Hutazama juu.

Na mila zetu zenyewe zinasemaje? Kule Kasulu, katika nchi ya Buha, Mwami Theresa Ntare alitawala Heru kabla ya uhuru. Na hapa kwetu, watu wa Bujora hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Siku chache baadaye, akiwa Dodoma, aliwajibu waliokuwa na wasiwasi kama mwanamke ataweza. Aliwaambia kuwa aliyesimama mbele yao ni Rais. Kisha, Septemba 8 mwaka ule ule, machifu walikutana katika tamasha la utamaduni hapo hapo Kisesa. Wakamsimika kuwa chifu, wakampa jina la Hangaya. Walinzi wa mila ndio waliofanya hivyo. Basi anayesema kuwa mila hairuhusu mwanamke kuongoza, aende kwanza akaulize Kisesa.

KUKOSOA SI KUTUKANA

Hapa lazima tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba kiongozi mwanamke asiulizwe maswali. La, hasha. Kiongozi ni kiongozi. Fedha za kijiji zikipotea mikononi mwa mwenyekiti mwanamke, aulizwe kama mwanamume angeulizwa. Akitoa hoja mbaya, apingwe. Akishindwa kazi, asichaguliwe tena.

Naye kiongozi mwanamke asijifiche nyuma ya neno hili. Akiulizwa, "Risiti ziko wapi?" asijibu, "Mnanionea kwa sababu mimi ni mwanamke." Swali la risiti si tusi. Swali la risiti hujibiwa kwa risiti.

Ipo njia rahisi ya kupima. Kabla hujasema, jiulize: je, maneno haya ningeweza kumwambia mwanamume aliyetoa hoja hii hii? Ukimwambia, "Hesabu yako si sahihi," unaweza kuwaambia wote wawili. Hiyo ni hoja. Ukimwambia, "Nenda ukapike," humwambii mwanamume. Hilo ni tusi.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Haisemi "kila mwanamume". Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na tangu mwaka 2000 ubaguzi wa jinsia nao umetajwa humo.

Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mjane yumo. Aliyeachika yumo. Msichana wa miaka 18 yumo. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 kati yao lazima wawe wanawake.

Lakini kiti peke yake hakitoshi. Mjumbe mwanamke aliyenyamazishwa kwa matusi amekuwa kama hayupo. Jina lake liko kwenye daftari, lakini mawazo yake hayapo kwenye uamuzi.

TUFANYE NINI?

Kazi ya kwanza ni ya mwenyekiti. Tusi likitoka, asicheke. Asimamishe mkutano na amwulize aliyetukana: "Ndugu, mama amesema maji yana chumvi. Wewe una jibu gani juu ya chumvi?" Kama ana jibu, alitoe. Kama hana, akae.

Kazi ya pili ni ya mtendaji. Aandike hoja ya kila mtu katika kumbukumbu za mkutano. Hoja iliyoandikwa haifutwi na kicheko. Septemba ikifika na kisima kikakauka, daftari litasema ukweli.

Kazi ya tatu ni ya wanaume waliokaa kimya. Mara nyingi anayetukana ni mmoja tu. Wanaocheka ndio wanaompa nguvu. Mzee mmoja akisimama na kusema, "Mama huyu aachwe amalize," mkutano hutulia.

Kazi ya nne ni ya akina mama wenyewe. Msimtukane mwenzenu ili kuwafurahisha wanaume. Tusi ulilomtupia mwenzako leo litakungoja wewe kesho. Na wewe uliyetukanwa, usijibu tusi kwa tusi. Rudia hoja yako. Sema, "Hayo ya ndoa yangu tuyaache. Narudia: maji yale yana chumvi."

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mkutano wa mwisho wa kijiji chenu, ni wanawake wangapi waliosema? Walijibiwa nini?

2. Taja tusi moja linalotumika kwenu kumnyamazisha mwanamke. Je, lina uhusiano gani na jambo lililokuwa likijadiliwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kijembe cha ngoma na tusi la mkutanoni?

4. Je, kijiji chenu kimewahi kupata hasara kwa kutosikiliza hoja ya mtu? Hasara hiyo ilikuwa kiasi gani?